Kivuko cha Bi Siwema

Siku yangu ya kwanza kazini Kibiti nilikabidhiwa ufito mrefu wa mkoko, kopo la rangi nyekundu na kiroba cha vifuu vya nazi. Ndiyo kwanza nimetoka chuo cha afya, cheti kiko ndani ya bahasha ya nailoni kisilowe, suruali nimeipiga pasi mpaka nikaona haya kukaa, na moyoni nilitarajia kupewa hadubini. Nilimtazama aliyenikabidhi nikangoja acheke. Hakucheka. Aliniambia ufito nisiutumie kujikunia mgongo, maana kijana aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na tabia hiyo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Huyo alikuwa Mzee Mbonde, afisa afya wa zamani, mfupi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuzungumza akiwa ndani ya shimo. Sasa mimi mwenyewe nimestaafu. Rehema, aliyekalia kiti changu, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa ofisi mambo niliyojifunza, akasisitiza yawe yenye faida. Nimekaa nikayatafuta yenye faida, nikaona hayajazi ukurasa. Kwa hiyo nimeyachanganya na mengine, mtachambua wenyewe kama mnavyochambua mchele.

Ufito ulikuwa wa kupimia mashimo. Ulipakwa pete tatu za rangi. Unautumbukiza kwenye shimo la choo au la maji machafu, unautoa. Ukilowa mpaka pete ya chini, shimo bado lina maisha. Ukilowa mpaka ya kati, mwenye nyumba aanze kumtafuta fundi. Ukilowa mpaka ya juu, ondoka hapo uliposimama, maswali utauliza ukiwa mbali. Mimi niliwahi kuuliza maswali nikiwa karibu. Ilikuwa nyumba moja ya njia ya Bungu, na siku hiyo nilirudi Kibiti kwa miguu kwa sababu hakuna mwenye baiskeli aliyekubali kunipakia.

Kwenye ncha ya ufito huo palikuwa na msumari uliopindwa kama ndoana. Sikuuliza wa nini. Wiki ya kwanza ulinichania suruali ile ya pasi, nikaung'oa kwa koleo na kuutupa, nikajisifu kwamba nimeboresha kifaa cha kazi.

Vifuu vilikuwa vya mitaro. Mzee Mbonde alisema mtaro waweza kuwa safi kila mahali unapouona, na matatizo yakawa pale tu usipopaona, yaani chini ya vivuko. Kivuko ni lile bamba la zege au la mbao ambalo kila mwenye nyumba huweka juu ya mtaro ili apate njia ya kuingia kwake. Basi mvua ikinyesha na maji yakaanza kutembea, alitoa kifuu alichokipaka rangi nyekundu kisipotee machoni, akakitia mtaroni huko juu ya mtaa, kisha akafuatana nacho taratibu kama mtu anayemsindikiza mgeni wake. Kikiingia chini ya kivuko kikatokea upande wa pili, waliendelea na safari. Kisipotokea, Mzee Mbonde aliinama akachokonoachokonoa na ufito wake mpaka akakipata, akakifuta, akakirudisha kwenye kiroba, ndipo akapiga hodi kwa mwenye nyumba. Mimi nilidhani ni ubahili. Nilijiuliza moyoni, mtu mzima anaona uchungu wa kifuu?

Mvua ya kwanza niliyotumwa peke yangu, nilisindikiza kifuu kwa bidii hata nikaingia nacho uani kwa watu. Nilipita katikati ya wanawake waliokuwa wanasuka ukili, nikasema samahani bila kuinua macho, nikatokea jikoni. Maji yalikuwa yameuacha mtaro yakajitafutia njia, nami nikayafuata. Mama mwenye nyumba akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Kifuu." Akaniokotea kimoja kwenye rundo lake la kuni, akasema nikitaka vingine nirudi jioni, kuna nazi bado hazijakunwa.

Ile sheria mnayoisimamia leo haikuwepo nilipoanza. Siku hizo nyumba Kibiti ziliuzwa mara chache, na mnunuzi alikuwa shemeji au jirani, mtu anayejua tangu utotoni kwamba choo cha nyumba hiyo hufurika Masika. Lami ilipotuletea wageni, wageni wakaanza kununua. Waliingia kiangazi, wakausifu upepo, na mvua ya kwanza ikawakuta wanavuka sebule kwa kukanyaga matofali. Malalamiko yakaja ofisini, vikao vikakaliwa, soda zikanywewa, na mwisho tukapata sheria ndogo. Anayeuza nyumba kwenye mtaa wenye mtaro, kabla karatasi zake za mauzo hazijapigwa muhuri, lazima atengeneze njia ya kupita watu mbele ya nyumba yake, mtaro wake upitishe maji, shimo lake la maji machafu liwe zima, na kivuko kiwe cha kuondosheka ili chini yake pasafishike. Wa kuamua kama hayo yametimia ni afisa afya. Mzee Mbonde alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao Umatumbi, kwa hiyo afisa afya ni mimi.

Nisiwafiche, niliipenda sheria ile kupita kiasi. Mtu aliyezoea kuambiwa apite kesho, sasa anasubiriwa yeye. Nilinunua kalamu ya wino wa kijani, mpaka leo sijui kwa nini. Watoto wakanipa jina la Bwana Mtaro, na mke wangu akasema jina limenikaa, kwa sababu hata nyumbani nilikuwa nimeanza kutembea nikitazama chini. Visingizio nilivyosikia vingejaza kitabu. Fundi amekwenda harusini Ikwiriri. Shimo halijajaa, ni maji ya mvua tu yamekuja kutembea. Mzee mmoja aliniapia kwamba kivuko chake kilikuwepo kabla ya mtaro, ila mtaro ndio ulikuja ukapita chini yake.

Na kwa kuwa niliipenda sheria, nikaona niipeleke na mahali ambako hakuna aliyeiomba. Nilisikia kuna nyumba inauzwa Kiongoroni, kule mwisho wa delta. Nikapanda boti bandarini Nyamisati, gambuti miguuni na ufito begani. Abiria wenzangu walinitazama kwa huruma. Walidhani mimi ni mfanyabiashara, napeleka fito za mkoko Kiongoroni, ambako kukata mikoko ndiyo kazi yao ya kila siku.

Nyumba niliikuta. Ilikuwa ya boriti na makuti, imesimama mchangani, na hapakuwa na mtaa wala barabara. Mwenyewe, mvuvi mmoja mpole, alinikaribisha kwa wali na samaki, nikala nikamaliza, kisha nikamwandikia kwa wino wa kijani kwamba nyumba isiuzwe mpaka mtaro uchimbwe.

"Mtaro upeleke maji wapi, bwana?" akaniuliza.

Nikamwonyesha baharini.

Akayatazama maji ya bahari, ambayo wakati huo yalikuwa yanajaa na kutusogelea. "Na haya yakija?"

Nikamwambia afuate maelekezo.

Niliporudi baadaye kukagua, nyumba haikuwepo. Palikuwa na mchanga uliofagiwa vizuri na mashimo ya nguzo. Nilizunguka nikidhani nimepotea njia. Jirani mmoja aliyekuwa akishona wavu akanionea huruma.

"Imehama," akasema. "Huku kwetu mtu huuza boriti na makuti. Mnunuzi anaifungua, anaipakia, anakwenda kuisimamisha kwake. Hiyo iko Maparoni sasa hivi."

"Na mtaro?"

"Si ulisema uwe hapa? Chimba tu, baba, hatukuzuii."

Ripoti ya safari ile sikuiandika. Nilijipa moyo kwamba jambo limebaki huko huko kwenye mikoko.

Sasa nifike kwa Bi Siwema, maana najua Rehema aliponiomba niandike alikuwa anangojea hapa tu.

Bi Siwema alikuwa mjane, mpika vitumbua, na nyumba yake iko mtaa wa nyuma ya soko. Kivuko chake kilikuwa kinene kuliko vyote vya mtaa ule. Marehemu mumewe alikimimina kwa mikono yake, zege juu ya boriti za mkoko badala ya nondo, kikashikana na baraza upande mmoja na ukingo wa barabara upande wa pili. Juu yake ndipo Bi Siwema alipoweka jiko na chuma cha vitumbua kila asubuhi. Na kila Masika kifuu changu kiliingia chini ya kivuko kile kisitokee. Nami kila Masika niliandika kwamba mtaro umeziba, nikapiga hodi, nikamwambia azibue, akanipa vitumbua viwili kwenye gazeti, akasema inshallah. Mwaka uliofuata natia kifuu kingine.

Kisha binti yake, mtoto pekee aliyebaki naye, akajifungua pacha huko Umwe alikoolewa, na uzazi ule ukamwacha na mguu usiofanya kazi. Mume yuko shambani kutwa. Bi Siwema akaamua auze nyumba aende akamlee binti na wajukuu. Mnunuzi akapatikana, Mwalimu Shabani, mtu wa Kilwa aliyehamishiwa shule ya karibu, ambaye yeye na mke na watoto walikuwa wamejazana chumba kimoja cha kupanga. Mwalimu alisema kwa adabu kwamba atasubiri, ila Ramadhani ikiingia kabla hawajakubaliana itambidi atafute kwingine. Karatasi zikaletwa mezani kwangu. Nikachukua ufito nikaenda.

Njia ya mbele ilikuwa sawa. Shimo lilikuwa pete ya chini. Nilipofika kwenye kivuko nikasimama katikati yake, nikakigonga na ufito, nikatamka kwa ile sauti yangu ya ofisini kwamba hiki kivunjwe kwa nyundo, kimiminwe kingine cha vipande.

"Hiki hakivunjwi," Bi Siwema akasema, huku anageuza vitumbua.

"Basi nyumba haiuzwi, mama."

"Basi haiuzwi."

Nilirudi wiki iliyofuata, jibu likawa hilo hilo. Mkwe wake alipiga simu kutoka Umwe, akasema pacha wanalia kutwa na mama yao hawezi kuwafuata wanakotambaa. Mwalimu Shabani akaja ofisini akakaa kwenye benchi bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa. Mimi nilikuwa nimeshikilia sheria yangu, na moyoni nikimwona bibi yule ni mkaidi wa bure. Ramadhani ilikuwa inakaribia, watu wameanza kununua tende.

Wakati huo Rehema alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Nilimchukua ili ajifunze namna ya kushughulika na wakaidi. Akamwamkia Bi Siwema, akakaa kwenye kigoda, akasaidia kuchochea moto, kisha akauliza kitu ambacho mimi, kwa miaka yote ile ya vitumbua vya bure, sikuwahi kukiuliza.

"Bibi, kwani kivuko hiki kina nini?"

Bi Siwema akasogeza jiko. Akakunja upindo wa kanga yake, akafuta majivu na unga. Pale chini ya jiko palikuwa na alama ya mguu wa mtoto, mguu mmoja, mdogo, vidole vyote vinaonekana.

"Huyu Jumaa," akasema. "Baba yake kamaliza kulaza zege, kaenda kunawa, mtoto kamfukuza kuku. Kukimbia kwenyewe hajajua. Hatua ya kwanza hiyo, ya pili akaanguka, baba yake akaja akapasawazisha. Huu mmoja nikamwambia uache. Masika ya mwaka ule ule yakaja maradhi ya kuhara, na mtaa mzima maji yamesimama. Hakukawia. Na picha hatukuwahi kumpiga, mwanangu. Nani alikuwa na kamera?"

Mimi nilitazama ufito wangu, maana nilikuwa nimeusimika pale pale, karibu na kisigino.

"Bwana Afya usidhani sijui mtaro wa nini," Bi Siwema akaendelea. "Mie nnajua kuliko wewe. Lakini nyundo hapana. Mie nikisikia nyundo hapa nafa."

Niseme wazi, niliona aibu. Miaka yote ile nilikuwa nimepita juu ya mguu wa mtoto yule na gambuti zangu. Nilitamani mtaro unimeze, ingawa kwa ulivyoziba usingeweza. Nikakohoa. Nikamwambia, tena si kwa sauti ya ofisini, kwamba basi, nitaandika kuwa nyumba imekubalika, na mambo yaishe.

Akanitazama kama nimemtukana. "Na watoto wa Mwalimu? Uandike uongo, Masika yaje, nao waugue? Kwa ajili ya Jumaa? Hapana, baba."

Tukakaa hapo sote watatu tumekwama, vitumbua vinaungua. Sheria yangu haikumsaidia, wala huruma yangu haikumsaidia. Ndipo Bi Siwema akageuka akanichunguza usoni, kisha ufito, kisha uso tena.

"Hebu. Si wewe yule Bwana Afya uliyekwenda Kiongoroni kukagua nyumba ukaikuta haipo?"

Kumbe bibi yule kwao ni Kiongoroni. Rehema akainua kichwa. Nikasema maafisa ni wengi, pengine ni mwingine.

"Alikuwa na ufito."

"Maafisa wengi wana ufito, mama."

"Alipeleka ufito wa mkoko Kiongoroni, baba. Mtu kama huyo atoke wapi wa pili? Mpaka leo harusini wanakuigiza. Mjomba wangu ndiye huvaa gambuti." Akaepua kitumbua kilichoungua, akakitazama, akakiweka kando. Halafu akasema polepole, kama anayezungumza peke yake, "Sasa ikiwa nyumba nzima ilihama ukabaki unatazama mashimo, kivuko kinashindwaje kuhama?"

Hivyo ndivyo aibu yangu ya Kiongoroni ilivyopata kazi ya kufanya.

Ijumaa baada ya sala watu walikusanyika. Fundi alikuwa ameshinda tangu asubuhi akikata kingo za kivuko kwa tindo, taratibu, ili kiachane na baraza na barabara bila kupasuka. Palikuwa na mitaimbo, kamba, na magogo ya mnazi ya kukiviringishia. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, Mwalimu Shabani alikuja na shati lake la darasani, mikono ya shati ameikunja. Bi Siwema alikaa barazani amejifunika kanga mpaka puani, mikono ameshika magoti, na kila mtaimbo ulipogusa zege alifumba macho. Wote tulijua kwamba kikipasuka, kimepasuka. Mimi niliongoza kazi kwa kunyoosha ufito huku na huku. Baadaye niliambiwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama.

Kikanyanyuka. Kikalia kidogo upande wa boriti, watu wakasimama, kikatulia, kikapanda tena, kikalala juu ya magogo kizima. Bi Siwema akafumbua macho. Alishuka barazani akaenda moja kwa moja kwenye ule mguu, akaugusa, kisha akarudi kukaa. Nilivuta pumzi, nikajiandaa kusema maneno machache kama mwakilishi wa ofisi, nikasogea ukingoni ili niwaonyeshe wananchi jinsi uchafu unavyoziba mitaro.

Chini ya kivuko marehemu mume wa Bi Siwema alikuwa amesimika nguzo ya mkoko katikati ya mtaro ili kushikilia uzito. Kwenye nguzo ile palikuwa na matope meusi na mifuko ya nailoni, na juu yake, vimebanana, vimepandana mpaka karibu vifike juu, palikuwa na vifuu vya nazi.

Rehema akarukia ndani. Akachomoa kimoja, akakifuta kwa kidole gumba, akakiinua. Kilikuwa chekundu. Akachomoa kingine. Vile vya chini rangi ilikwisha kufifia, vya juu vilikuwa vyekundu kama nimevipaka jana. Akanipangia ukingoni, safu nzima, Masika baada ya Masika.

"Mzee," akasema kwa heshima iliyoniumiza, "hivi si vyako?"

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, mbele ya mtaa mzima. Kila mwaka natia kifuu kuthibitisha kwamba mtaro umeziba. Kinakwama, nakiacha, naandika kwamba umeziba. Mwaka unaofuata umeziba zaidi, nami nazidi kuwa na haki. Nikaikumbuka ile ndoana niliyoing'oa na kuitupa, nikamkumbuka Mzee Mbonde alivyokuwa anainama na kuchokonoa, na mimi nasimama nyuma yake namwita bahili.

Kisha sauti ikatoka ndani ya kanga, barazani.

"Yaani mtaro wangu umezibwa na ukaguzi."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mwalimu Shabani aligeukia ukuta ili asinivunjie heshima, lakini mabega yalimsaliti. Mwenyekiti akauliza, kwa uso mkavu, kama sheria inasema lolote kuhusu afisa anayeziba mtaro wa mtu. Nikavuta gambuti, nikashuka mtaroni, nikatoa matope kwa mikono yangu mpaka jioni. Gambuti moja ilibaki humo ndani. Nadhani bado ipo, mkiikuta ni yangu.

Kivuko kipya kilimiminwa cha vipande vinne, kila kimoja kina vishikio, na mtaro ukapitisha maji. Nikasaini kwa wino wa kawaida. Mwandamo wa Ramadhani ulimkuta Mwalimu na watoto wake wamekwisha kuhamia, na Bi Siwema amekwisha kuondoka. Kivuko chake kilipakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimelazwa juu ya magunia ya pumba, na mwenyewe alikataa kukaa mbele na dereva. Alikwenda Umwe amekaa nyuma, pembeni ya zege lake, mkono mmoja juu yake.

Hafla ya kuniaga siisimulii, mlikuwepo, pilau mlikula. Ila kitu kimoja. Ule ufito niliomkabidhi Rehema niliutengeneza kwanza, nikapigilia msumari kwenye ncha, nikaupinda. Utawachania suruali. Msiung'oe. Hilo ndilo jambo lenye faida nililokuwa nalo, mengine yote mnaweza kuyasahau.

Baada ya kustaafu nilikwenda Umwe kumsalimu Bi Siwema. Nilikuta binti yake anatembea kwa kuegemea mkongojo, na pacha wamekwisha kujua kukimbia. Mkwe alikuwa amechimba mfereji wa maji ya mvua kukingia nyumba, na juu ya mfereji, kwenye njia ya kuingilia, kimelazwa kile kivuko. Hakikushikana na kitu. Kilikuwa kimekaa juu ya mawe, unaweza kukinyanyua wakati wowote. Alama ya mguu ilikuwa juu, wazi, na jiko sasa lilikuwa mahali pengine.

Tulikaa barazani tukizungumza habari za Kibiti. Mvua ikashuka. Maji yakaanza kutembea mferejini, na mkono wangu, bila kunishauri, ukaokota kifuu pembeni ya mafiga, ukakitupa humo. Nikainuka nikafuatana nacho. Kikapita kwenye mihogo, kikazunguka, kikaingia chini ya kivuko. Nikasimama upande wa pili nikangoja. Mvua inaninyeshea, wale pacha wananitazama, kifuu hakitokei.

"Bwana Afya," Bi Siwema akaniita kutoka barazani, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anacheka waziwazi, bila kujifunika. "Leo ukitoe."

Ufito sikuwa nao. Nikapiga magoti kwenye matope, nikaingiza mkono mmoja chini ya zege nikawa napapasa, na mwingine nikauweka juu yake kujishikilia. Nikaona nimeuweka juu ya mguu wa Jumaa. Nikausogeza mkono kando kidogo, nikaendelea kupapasa mpaka nikakipata.